Mtoto Naye Ana Mzigo

Somo: 1 Samweli, mlango wa 3, pamoja na Zaburi ya 32



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililo dogo machoni pa watu, walakini si dogo mbele za Mungu, nalo ni dhambi ya mtoto, na jinsi mtoto asaidiwavyo kuitua. Wengi hudhani ya kuwa mtoto hana mzigo. Kwa kuwa hulia upesi na kucheka upesi, twasema, "Huyu angali mdogo, hajui kitu." Tena akikosa twampiga, kisha twasahau, tukidhani kwamba naye amesahau. Sivyo. Mtoto hukumbuka, na mara nyingi mzigo wake ni mzito kupita wetu, maana yeye hana maneno ya kuuelezea, wala hajui ni nani wa kuambiwa.

Tuanze na habari iliyotokea kwetu Ng'ambo, hapa Unguja. Hatutaji jina la mtu, kwa kuwa wenyewe wangali hai, na si vema watoto watangazwe. Karibu na majumba marefu ya Michenzani wakaa majirani wawili. Mmoja ni mtu wa usharika wetu, na mwenzake ni mama Mkatoliki. Kila mmoja anaye mwana wa kiume, na watoto hao ni marafiki tangu walipoanza kutambaa. Jumapili huachana: mmoja huja kwetu, na mwenzake huvuka Darajani pamoja na mama yake kwenda Mji Mkongwe, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wa Unguja huliita Minara Miwili. Siku nyingine zote huwa pamoja, na watoto wa Kiislamu wa mtaa ule hucheza nao hata saa ya chuo ifikapo.

Wakati wa Kwaresima, mtoto yule wa Kikatoliki alikuwa akifundishwa ili aungame mara ya kwanza, kisha apokee Komunyo. Alasiri moja mzee mwenye duka la pembeni, Mwislamu mcha Mungu, aliondoka kwenda kusali, akamwacha mjukuu wake alinde duka. Mjukuu akasinzia. Wale wawili wakapita, wakaona sanduku la fedha li wazi, wakatwaa shilingi elfu nne. Wakagawana sawasawa, wakala urojo, wakanunua ubuyu, wakaapizana ya kuwa hapana atakayesema neno. Jioni mzee alipohesabu fedha zake akaona zimepungua. Akamlaumu mjukuu wake kwa maneno makali, na mtoto yule akalia kwa jambo asilolitenda.

Siku zikapita. Katika mafundisho yule wa Kikatoliki aliambiwa autazame moyo wake, tena akafundishwa ya kuwa aliyeiba sharti arudishe. Aliyomwambia padre hatuyajui, wala si haki yetu kuyajua. Tunalolijua ni hili tu, kwamba Jumamosi moja alikwenda dukani na shilingi elfu mbili mkononi, alizoziweka kidogo kidogo katika fedha alizopewa na mama yake za kununulia vitafunio, akasema, "Shikamoo, babu. Mimi nilichukua fedha zako. Mjukuu wako hana kosa." Mzee akamwuliza, "Ulikuwa peke yako?" Mtoto akanyamaza. Alikuwa amefundishwa kuungama dhambi zake mwenyewe, si za mwenzake.

Mtoto wetu akamwona rafiki yake amekuwa mwepesi kama aliyetua mtungi wa maji. Yeye mwenyewe angali nao kichwani. Jumapili ile, baada ya mafundisho, akasimama mlangoni hata wenzake wakaondoka wote, kisha akauliza, "Mwalimu, sisi tunaungamia wapi?" Tukamjibu upesi, "Sisi Walutheri hatuendi kwa padre. Sisi twaungama moja kwa moja kwa Mungu." Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake. Nasi tukafunga mlango, tukafurahi moyoni kwamba mtoto amefundishwa sawasawa.

Ndugu, fungueni sasa kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa tatu. Mtoto Samweli amelala katika nyumba ya Bwana huko Shilo. Akasikia ameitwa, akaondoka usiku, akaenda mbio kwa Eli. Eli akamwambia hakumwita, arudi akalale. Akaitwa mara ya pili, akaenda tena, na Eli akamrudisha tena kitandani. Ni mara ya tatu ndipo mzee alipotambua ya kuwa Mungu ndiye amwitaye mtoto, akamfundisha la kujibu. Eli hakusema uongo alipomwambia kwamba hakumwita. Neno lake lilikuwa kweli. Lakini mtoto alikuwa ameitwa, na kuhani alimrudisha alale. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi. Tulimjibu kwa maneno ya kumshinda Mkatoliki, na mtoto yule hakuwa akibishana na mtu. Alikuwa akitafuta mlango.

Basi tutazame kwanza jirani zetu hufanya nini, tupate kusema kweli juu yao. Desturi yao si ya jana. Mwaka 1215 mkutano mkuu wa Laterano katika mji wa Roma uliamuru kwamba kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka, na apokee Chakula cha Bwana wakati wa Pasaka. Baadaye katika nchi nyingi watu walizoea kuwachelewesha watoto hata miaka kumi, kumi na miwili, au zaidi, kabla ya kuwapa Komunyo, na mahali pengine walinyimwa hata ondoleo la dhambi. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pio wa Kumi akaondoa mazoea hayo. Akaagiza ya kwamba mtoto aanzapo kutumia akili, yaani karibu na mwaka wa saba, aweza kuungama na kupokea. Hakutaka mtoto ajue mafundisho yote kwa ukamilifu. Ilitosha ajue, kwa kadiri ya akili yake, mambo makuu ya imani, na kwamba mkate ule si mkate wa kila siku. Tena akaweka wajibu huo juu ya wazazi, hasa baba, pamoja na padre aungamishaye na walimu. Hata leo sheria ya kanisa lao, iliyotolewa mwaka 1983, yataka watoto waungame kwanza, kisha wapokee.

Hapa Unguja mafundisho hayo yana historia ya machozi. Mwaka 1860 padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre wenzake na masista. Mwaka 1863 kazi ile ikashikwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, nao mwaka 1868 wakavuka bahari wakaanza kazi Bagamoyo. Wengi katika watoto wa kwanza waliofundishwa nao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na soko la watumwa la Unguja lilikuwa lingali wazi. Halikufungwa hata mwaka 1873. Fikirini, ndugu. Mtoto aliyetekwa bara, akatembezwa hata pwani, akauzwa kama mbuzi, aketi aambiwe habari za dhambi na msamaha! Mwalimu wa mtoto kama huyo alikuwa na kazi mbili. Ilimpasa amwonyeshe mtoto dhambi aliyoitenda. Tena ilimpasa amwambie waziwazi kwamba aliyotendewa si dhambi yake. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Na jinsi wamtayarishavyo mtoto ni hivi. Humfundisha mambo matano, ambayo mtoto aweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. La kwanza, autafute moyo wake na kukumbuka alilotenda. La pili, ajute, si kwa kuogopa fimbo tu, bali kwa kuwa amemhuzunisha Mungu ampendaye. La tatu, akusudie kuacha. La nne, aungame kwa padre, aseme lake mwenyewe bila kuficha na bila kuongeza. La tano, atimize malipizi aliyopewa, na kurudisha alichokitwaa. Kisha humwonyesha mahali penyewe, apazoee kabla ya siku, ili asiogope. Humwambia ya kuwa padre akivunja waziwazi siri ya maungamo hutengwa na Kanisa. Tena humfundisha kwa mfano wa Mwana mpotevu, na baba yake aliyemwona angali mbali.

Huenda mtu akauliza, "Je! Mwandishi huyu amekuwa Mkatoliki?" La, ndugu. Twajua mahali tunapoachana. Wao hufundisha kwamba dhambi za mauti sharti zitajwe zote, kila moja kwa namna yake na hesabu yake. Sisi husema kwamba hapana mtu awezaye kuzihesabu dhambi zake zote, kama Zaburi ya 19 ituonyeshavyo, na ya kuwa msamaha hausimami juu ya hesabu yetu, bali juu ya Kristo aliyekufa na kufufuka. Wao hudai malipizi. Sisi twaamini kwamba Kristo amekwisha kulipa. Hayo si maneno madogo, wala hatuyafichi.

Lakini sasa tusikie na la kwetu, maana hapa ndipo tulipomkosea mtoto yule. Ni nani aliyetuambia ya kuwa Walutheri hawana maungamo? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, lasema kwamba ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja lidumishwe kanisani, ijapokuwa si lazima kuzitaja dhambi zote. Na katika Katekisimo Ndogo, ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 kwa ajili ya wachungaji wasiojua kufundisha na baba wa nyumba na watoto wao, imo sehemu ya kuwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kuungama. Humo twafundishwa kwamba maungamo yana mambo mawili: kwanza mtu aungame dhambi, pili apokee ondoleo kwa mchungaji kana kwamba ni kwa Mungu mwenyewe, asione shaka. Twafundishwa kwamba mbele za Mungu tujikiri wenye dhambi zote, hata zile tusizozijua, lakini mbele ya mchungaji tuseme zile tu tuzijuazo na kuzisikia moyoni. Tena Luther aliongeza neno la huruma, kwamba mtu asiyeona mzigo mkubwa asijitungie dhambi wala asifanye maungamo kuwa mateso; ataje moja au mbili azijuazo, yatosha.

Basi kitabu kimo rafuni mwetu, na mlango umo nyumbani mwetu, lakini tumeuwekea kabati mbele yake hata watoto hawauoni. Twaungama wote pamoja Jumapili, na hilo ni jema sana. Walakini mtoto wa miaka tisa asemapo pamoja na watu mia kwamba ametenda dhambi kwa mawazo, maneno na matendo, ni nani amwonyeshaye ya kuwa maneno hayo yahusu shilingi elfu mbili za mzee wa duka? Na neno la msamaha linenwapo juu ya wote, ni nani amwambiaye, "Wewe, mwanangu, wewe uliyetwaa fedha, umesamehewa wewe"?

Tuirudie habari yetu. Wiki ya pili mtoto wetu hakulala vizuri, tena alikisukuma chakula. Baba yake, ambaye ni mtu mkali, alidhani ni homa. Akampeleka kupimwa malaria, nayo haikuonekana. Zaburi ya 32 yatuambia habari ya mtu aliyenyamaza na dhambi yake hata mifupa ikachakaa, na mkono wa Mungu ukamlemea mchana na usiku. Daudi aliyajua maradhi hayo, na hapana kipimo cha damu kiyaonyeshacho. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Usiku mmoja yule mama Mkatoliki alimwona mtoto ameketi peke yake barazani, amejiinamia. Akaketi karibu naye, akamwambia, "Mwanangu, mimi si padre, wala sikuulizi umefanya nini. Lakini baba yako yumo ndani. Twende, mimi nitakaa mlangoni." Wakaenda. Mtoto akasema yote kwa kutetemeka. Baba akainua mkono kama ilivyo desturi yake, kisha akautazama mkono ule, akaushusha, akakaa kitako. Alituambia baadaye kwamba aliona mtoto amekwisha kufumba macho akingojea kofi, na ya kuwa jambo hilo lilimchoma kuliko wizi wenyewe. Akamwambia, "Umenena kweli. Kesho tutakwenda wote wawili."

Asubuhi wakaenda dukani. Baba alimkopesha mtoto shilingi elfu mbili, naye akazilipa kwa kuchota maji na kufagia ua majuma kadha wa kadha. Mzee akazipokea, akasema, "Haki ya mtu ni nzito, mwanangu. Umeitua, na mimi nimesamehe." Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia mbele yao wote, "Mimi nilikulaumu bure. Nisamehe, mjukuu wangu." Ndugu, tumewahubiri watu toba miaka mingi, lakini mara ngapi tumesikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha mbele ya watu?

Siku ya pili baba yule alikuja kwetu. Hakuja kwa hasira. Alisema maneno machache tu: "Mwalimu, mwanangu alikuja kwenu kwanza."

Tulikosa la kujibu. Twayaandika haya ili tuwe tumeungama nasi, tena ili ninyi mnaofundisha watoto msiwarudishe kulala. Kwa hiyo twawaletea mashauri manne, ambayo tumejifunza sehemu moja katika Neno, sehemu moja kwa jirani zetu, na sehemu moja kwa aibu yetu wenyewe.

Shauri la kwanza: mfundisheni mtoto kupambanua. Mtoto mdogo huona kosa lake kwa ukubwa wa ghadhabu yetu. Akivunja mtungi kwa bahati mbaya tukampiga sana, na akisema uongo tukacheka, atadhani mtungi ni dhambi kubwa na uongo ni mchezo. Mwambieni, "Kuvunja kwa kuteleza si dhambi. Kusema paka ndiye aliyevunja, hiyo ni dhambi." Mwonyesheni pia ya kuwa jaribu si dhambi, na ndoto mbaya si dhambi. Na lile neno tulilosema tutalirudia ni hili: mwambieni kwamba uovu aliotendewa na mtu mwingine si dhambi yake, hata mtu yule akimwambia kwamba ni siri yao. Siri ya maungamo humlinda mtoto. Haikuwekwa imfiche mtu mzima aliyemdhuru. Mtoto ajue kwamba jambo kama hilo aliseme waziwazi kwa mama, kwa baba, kwa mwalimu, na aendelee kusema hata apatikane mtu wa kumsikia na kumsaidia. Atakayelisikia asilifunike kwa heshima ya mtu ye yote.

Shauri la pili: msiyafanye maungamo kuwa kitisho. Tumesikia wazazi wakisema, "Ngoja, nitakupeleka kwa mchungaji!" Kwa neno hilo mchungaji amekuwa askari, na kanisa limekuwa gereza. Mtoto aliyetishwa hatakuja, au atakuja na dhambi za kuazima, zile anazodhani twataka kuzisikia. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo. Lakini akunjaye kwa nguvu humvunja samaki. Mwelezeni mtoto habari za Zakayo, mtu aliyekuwa mwizi naye akapanda mti. Bwana Yesu hakumrushia mawe pale juu. Alimwita kwa jina, akataka kushinda nyumbani mwake, ndipo Zakayo mwenyewe akasema atarudisha mara nne. Wema ulitangulia, na fedha zikafuata.

Shauri la tatu: mzazi asiulize mtoto alichokiungama. Mambo aliyomwambia mchungaji ni yake na ya Mungu. Baba amwulizaye mtoto, "Ulimwambia nini?" amefunga mlango huo kwa miaka ishirini. Wachungaji nao na waheshimu siri ya maungamo kama walivyoahidi. Na mahali pa kusemea na mtoto pawe mahali panapoonekana, ijapokuwa hapasikiki, kama vile mbele ya madhabahu mlango u wazi, au benchi la mbele na mama ameketi nyuma. Hivyo mtoto hataogopa, na hapana atakayeshuku.

Shauri la nne: mtoto asirudi bila neno la msamaha. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kuna wazazi wajuao kupeleleza mpaka kosa lionekane, na wajuao kuadhibu, lakini hawajui kumaliza. Mtoto hupigwa, kisha huachwa gizani, na kesho kosa lile hutajwa tena mbele ya wageni. Huyo hajasamehewa, amelipishwa tu, tena deni lingali kitabuni. Bwana wetu alipofufuka aliwavuvia wanafunzi wake, akawapa neno la kuondoa dhambi, kama tusomavyo katika Yohana, mlango wa 20. Neno hilo si mali ya wachungaji peke yao wakaliweka sandukuni. Baba aweza kuweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akamwambia, "Kwa ajili ya Yesu, Mungu amekusamehe, nami nimekusamehe. Hatutalitaja tena." Kisha asilitaje tena. Na kama kitu cha mtu kimo mikononi, waondoke pamoja wakakirudishe. Maana msamaha hautoi ruhusa ya kukaa na mali ya jirani.

Na ninyi walimu wa Kipaimara, twawasihi msingoje hata watoto wawe na miaka kumi na minne ndipo mwafundishe sehemu ile ya Katekisimo. Mtoto awezaye kuiba aweza kujuta, na awezaye kujuta aweza kusamehewa. Wekeni siku moja kabla ya Pasaka na siku moja kabla ya Krismasi, mtoto apendaye aje kwa mchungaji. Asilazimishwe hata mmoja, wala asihesabiwe aliyekuja na asiyekuja. Mlango uonekane tu ya kuwa u wazi.

Zamani, ndugu, mji wa Unguja uligawanywa na mkono wa bahari. Maji yakijaa yalitenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na ndiyo maana upande huu waitwa Ng'ambo hata leo. Palikuwapo daraja, na jina la Darajani limebaki, ijapokuwa mkono ule wa bahari umekwisha kufukiwa na barabara imepita juu yake. Watoto wetu huvuka pale kila siku wala hawajui ya kuwa chini ya miguu yao palikuwa maji. Dhambi ni kama maji yale. Mtoto akikaa nayo peke yake, bahari hujaa kati yake na baba yake, kati yake na rafiki yake, kati yake na Mungu. Kristo ndiye aliyepafukia kwa kazi yake mwenyewe. Kazi yetu sisi ni ndogo, kumshika mtoto mkono na kumwambia, "Pita, hapa panapitika."

Mtoto yule wa kwetu angali huja Jumapili. Hatukumwita mbele ya wenzake, wala hatukumhubiri. Tulimngojea mlangoni siku moja, tukamwambia ya kuwa tulimjibu vibaya siku ile, nasi twamwomba atusamehe. Akatutazama kwa mshangao, kisha akasema, "Nimekusamehe, mwalimu." Nasi tukasikia wepesi ule ule tuliouona usoni mwa rafiki yake.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyemwita Samweli usiku, utufumbue masikio sisi wazee, tusiwarudishe kulala wale unaowaita. Uwape watoto wetu ujasiri wa kusema kweli, nasi utupe moyo wa kuwasikia bila ghadhabu. Uwabariki jirani zetu waliotusaidia hali hatukuwaomba. Utusamehe sisi na watoto wetu, kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwanao, Bwana wetu. Amina.